Kwa nini tandu hana miguu mia

Chukua tandu aliyekufa, mlaze kwenye karatasi nyeupe, uhesabu jozi zake za miguu. Ukipata 15, ni wale wafupi wakaao chini ya mawe na magogo. Ukipata 21 au 23, ni wale wakubwa wenye kuuma vibaya, ambao mvua ikinyesha huingia ndani hadi kwenye viatu. Wale wembamba kama uzi wakaao udongoni huanzia 27 na kufika hadi 191. Wataalamu wameshaeleza spishi zaidi ya 3,000 za tandu, na kwa waliokomaa idadi ya jozi ni namba witiri. Hakuna spishi yenye jozi 16, hakuna yenye 22, hakuna yenye 50. Wazungu walipomwita jina lenye asili ya Kilatini lenye maana ya "miguu mia" walimsingizia, maana miguu mia ni jozi 50, na 50 ni shufwa.

Ni vigumu kuamini kwamba jozi 22 zingemwangamiza tandu ilhali 21 zinamfaa na 23 zinamfaa. Maelezo yenye uzito yako kwenye namna mwili wake unavyojengwa. Katika kiinitete cha Strigamia maritima, tandu wa fukwe za Ulaya, jeni zinazochora mipaka ya pingili hufanya kazi kwa mawimbi, na kwa sehemu kubwa ya mwili wimbi moja huzaa pingili mbili kwa mpigo. Fundi anayekata mbao mbilimbili hawezi kukupa idadi yoyote utakayo. Na angalia hesabu hii: pingili ya kwanza nyuma ya kichwa cha tandu ina miguu iliyogeuka kuwa kucha za sumu, kwa hiyo haihesabiwi kati ya miguu ya kutembelea. Ukiijumlisha, 15 inakuwa 16, na 21 inakuwa 22.

Hii haimaanishi kwamba uteuzi asilia, yaani wanaofaa zaidi kuishi na kuzaa kuliko wengine, hauna kauli juu ya idadi ya miguu. Tandu huyohuyo, akifuatiliwa kando ya pwani za Uingereza kutoka kusini kwenda kaskazini, idadi ya jozi zake hupungua kadiri baridi inavyozidi. Idadi hupungua, ila kwa kuruka mbilimbili. Nguvu ya kusukuma ni ya mazingira, na ukubwa wa hatua unaamuliwa na kiinitete.

Ndiyo maana maelezo ya mageuko ya viumbe yanayoishia kwenye "anayefaa zaidi huishi" yanaacha nusu ya habari. Uteuzi asilia hauagizi chochote. Unachagua kati ya vilivyoletwa, na vinavyoletwa haviletwi kwa usawa.

Umbo lisiloonekana duniani linaweza kukosekana kwa sababu tatu tofauti. Huenda halizaliwi kabisa, au huzaliwa kwa nadra mno. Huenda huzaliwa, ila hufa mapema, mara nyingi tumboni au ndani ya yai, kabla mtu hajaliona. Au huzaliwa na kuishi, lakini faida yake hulipiwa mahali pengine mwilini hadi ikawa si faida tena. Sababu hizi tatu zimekuwa zikitupwa kapu moja lenye jina "vizuizi", na ubishi mwingi wa wanabiolojia umetokana na watu wawili kutaja neno moja huku kila mmoja akimaanisha lake. Mwaka 1985 John Maynard Smith na wenzake wanane walijaribu kusafisha lugha hiyo. Walisema kizuizi cha ukuaji ni upendeleo katika utokeaji wa maumbo tofauti, au mpaka wa utokeaji huo, unaosababishwa na jinsi mfumo wa ukuaji ulivyo. Maneno ya kushika hapo ni utokeaji na upendeleo: suala ni kinachozaliwa, kabla ya kuuliza nani atapona, na mara nyingi hakuna ukuta, kuna mteremko tu.

Kuta zenyewe zipo, nazo hazihitaji maneno mengi. Ukimkuza panya mara mbili kwa urefu, kimo na upana, uzito wake unakuwa mara nane, lakini eneo la mkato wa mifupa ya miguu linakuwa mara nne tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo maradufu. Kwa hiyo tembo si panya aliyevimbishwa, na miguu yake haina budi kuwa minene kama nguzo. Fizikia haina upendeleo kwa mtu. Mambo magumu huanzia kwenye jeni.

Herufi tatu za sikoseli

Protini hutengenezwa kwa kufuata DNA, yenye herufi nne tu (A, C, G na T), zinazosomwa tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja kati ya 20. Katika himoglobini ya mtu mzima, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, nafasi ya sita ya mnyororo wa beta imeandikwa GAG, yaani asidi glutamiki. Tuhesabu kila kinachoweza kutokea herufi moja ikikosewa. Herufi ya kwanza ikibadilika tunapata AAG, CAG au TAG. Ya pili ikibadilika, GTG, GCG au GGG. Ya tatu, GAA, GAC au GAT. Jumla ni makosa tisa. Moja, TAG, ni amri ya kusimama, na protini hukatika hapo. Jingine, GAA, bado ni asidi glutamiki, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. GAC na GAT zote ni asidi aspatiki. Kinachobaki ni asidi amino sita tofauti. Nyingine 13 haziwezi kufikiwa kutoka hapo kwa kosa moja, hata kama mojawapo ingekuwa kinga bora ya malaria kuliko zote.

GTG ndiyo ya sikoseli, au selimundu: asidi glutamiki imeondoka, imeingia valini. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja ana nafuu mbele ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili ana ugonjwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha uhusiano huo na malaria mwaka 1954 kwa vipimo vya damu vya Afrika Mashariki. AAG huleta lisini, nayo ni himoglobini C, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi na ambayo pia hukinga. Kinga mbili mashuhuri, nafasi ileile ya protini, na zote mbili zimo ndani ya duara lile dogo la makosa tisa.

Hata ndani ya duara hilo tiketi hazilingani. A kugeuka G, au C kugeuka T, na kinyume chake, hutokea mara nyingi kuliko mabadiliko ya aina nyingine, ingawa njia za aina hizo nyingine ni maradufu kwa idadi. Na panapokuwa na C inayofuatiwa na G, huku C hiyo imebandikwa alama ya kikemikali ambayo seli hutumia kuzimia jeni, uwezekano wa kubadilika huwa kama mara kumi ya kawaida. Ila usikimbilie kusema kwamba chenye tiketi nyingi hushinda siku zote. Badiliko la sikoseli lenyewe, A kuwa T, ni la aina ile adimu. Lilipotokea, malaria ililibeba.

Mpangilio wa hatua

Badiliko moja likitosha, mambo ni mepesi. Yakihitajika manne au matano, swali linakuwa: yaje kwa mpangilio upi? Mageuko hayawezi kuvuka kwa kupitia hali mbaya yakitumaini kheri mbele. Kila hatua sharti ijitegemee, iwe na nafuu au angalau isiwe na hasara kubwa, kwa sababu mwenye hatua hiyo ndiye anayepaswa kuzaa mwenye hatua inayofuata.

Mwaka 2006 Daniel Weinreich na wenzake walilipima jambo hili kwenye kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kuvunjavunja antibayotiki za jamii ya penisilini. Mabadiliko matano yakikutana huongeza usugu dhidi ya dawa ya cefotaxime kama mara 100,000. Matano yanaweza kupangwa kwa njia 120. Walipotengeneza michanganyiko yote 32 na kuipima, njia 102 zilikuwa zimefungwa: mahali fulani katikati kulikuwa na hatua isiyoongeza usugu au inayoupunguza. Zilibaki 18, na kati ya hizo chache ndizo zenye uwezekano wa maana. Sababu yake inaeleweka. Kuna badiliko linalopanua mdomo wa kimeng'enya ili kishike dawa mpya, lakini linakilegeza. Kuna jingine linalokikaza tu. La kukaza likitangulia halina faida yoyote. Likija baada ya lile la kulegeza, ni mwokozi.

Kimelea cha malaria kimepita njia ya namna hiyo mbele ya macho yetu. Dawa ya SP, ambayo wengi waliijua kama Fansidar na ambayo hadi leo akina mama wajawazito hupewa kliniki, ina pirimethamini ndani yake. Pirimethamini huzuia kimeng'enya ambacho kimelea hukitumia kutengeneza foleti. Usugu hujengwa kwa mabadiliko kwenye nafasi za 108, 51, 59 na 164 za kimeng'enya hicho, na njia hufunguliwa na 108. Mengine yakitangulia peke yake hayafanyi kazi ya maana. Mwaka 2004 Cally Roper na wenzake walichunguza DNA inayoizunguka jeni hiyo kwa vimelea wa Afrika wenye mabadiliko matatu. Mtu angetarajia kwamba, kwa wingi wa wagonjwa barani na wingi wa vidonge vilivyomezwa, usugu huo ungekuwa umezuka hapa na pale mara nyingi. Walichokuta ni kwamba vimelea hao walikuwa na alama zilezile za ukoo uliotokea Kusini-Mashariki mwa Asia. Ilikuwa rahisi kwa ukoo uliokwisha kukamilisha hatua kusafiri hadi Afrika na kuenea kuliko hatua zote kupandwa upya.

Hatua zina gharama pia. Klorokwini ilianza kushindwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi iliiacha mwaka 1993, mapema kuliko majirani zake. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulijaribu tena dawa hiyo Blantyre, na kati ya watoto 80 waliopewa, ilishindwa kwa mmoja. Badiliko la usugu linamlemea kimelea pasipo dawa, kwa hiyo wale wasio nalo, ambao hawakuwahi kwisha, walirudi kutawala. Hapa tumekutana na sababu ya tatu: umbo linazaliwa, linaishi, lakini linalipa.

Wingu lenye umbo la muhogo

Wafugaji wana hesabu rahisi ya mambo haya. Tuseme unachagua wazazi ambao kwa wastani wanazidi kundi zima kwa lita 2 za maziwa kwa siku. Ndama wao hawatazidi kwa lita 2. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya ng'ombe hutokana na malisho, afya na umri, na hairithiwi. Kwa maziwa, sehemu inayorithiwa ni karibu 0.3, kwa hiyo utarajie 2 × 0.3, yaani lita 0.6 kwa kizazi. Kwa uwezo wa kushika mimba sehemu hiyo iko chini ya 0.1, na ndiyo maana kuuboresha kwa kuchagua mbegu peke yake huchukua muda mrefu mno.

Hiyo ni sifa moja. Sifa zikiwa mbili, chora grafu, kila mnyama awe nukta, na uangalie umbo la wingu. Likiwa la mviringo, unaweza kulisukuma upande wowote kwa kasi moja. Kwa kawaida limerefuka kama muhogo, kwa sababu jeni nyingi hugusa sifa mbili au zaidi kwa pamoja. Kulisukuma kwa urefu ni kazi nyepesi. Kulisukuma kwa upana ni kazi ngumu, na mara nyingi wingu huteleza kuelekea kwenye urefu wake hata kama hukutaka. Waliochagua ng'ombe wa maziwa miongo mingi bila kuangalia kingine walijikuta na ng'ombe wagumu kushika mimba. Hawakuchagua ugumba. Ulikuja ukining'inia kwenye maziwa.

Jaribio zuri kuliko yote juu ya jambo hili limefanywa kwa kipepeo wa Afrika. Bicyclus anynana ni kipepeo wa kahawia mwenye madoa yanayofanana na macho kwenye mabawa. Majike 80 wenye mayai walikamatwa Nkhata Bay, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, mwaka 1988, na uzao wao umefugwa Leiden, Uholanzi, na baadaye katika maabara nyingine nyingi. Bawa la mbele lina madoa mawili, dogo mbele na kubwa nyuma. Madoa yote hutengenezwa na jeni zilezile, kwa hiyo ukikuza moja na jingine hukua. Je, unaweza kuyatenganisha?

Patrícia Beldade, Kees Koops na Paul Brakefield walichagua vipepeo kwa vizazi 25 katika pande nne: madoa yote makubwa, yote madogo, la mbele kubwa na la nyuma dogo, na kinyume chake. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Pande zote nne ziliitika. Hata ule mchanganyiko wa ajabu, la mbele kubwa na la nyuma dogo, ulipatikana. Waliokuwa wakiamini kwamba uhusiano wa jeni ni mnyororo walipata jibu.

Ila habari haikuishia hapo. Mwaka 2008 Cerisse Allen, akiwa na Beldade, Bas Zwaan na Brakefield, alitoa matokeo ya jaribio pacha, safari hii juu ya rangi: upana wa duara jeusi ukilinganishwa na duara la dhahabu linalolizunguka. Kuyafanya madoa yote mawili yawe meusi zaidi, au yote mawili ya dhahabu zaidi, kulifanikiwa vizuri. Kufanya moja liwe jeusi na jingine la dhahabu hakukufanikiwa. Baada ya vizazi 10 madoa yalikuwa bado yanakwenda pamoja.

Kipepeo ni yuleyule, madoa ni yaleyale, na bado sifa moja iko huru na nyingine imefungwa. Tofauti iko kwenye ujenzi. Ukubwa wa doa unategemea kituo kilicho katikati yake, kinachotoa ishara ya kikemikali kwenda pande zote, na kila doa lina kituo chake. Jeni zinaweza kuongeza nguvu kituo kimoja na kuacha kingine. Rangi inategemea jinsi seli za bawa zinavyoitikia ishara hiyo, kwa kiwango gani ziwe nyeusi na kwa kiwango gani ziwe za dhahabu, na kiwango hicho kinaelekea kuwa kimoja kwa bawa zima. Kwa hiyo kujua kwamba sifa mbili zina uhusiano wa kijeni hakukuambii kama zinaweza kuachana. Lazima ujue jinsi zinavyotengenezwa.

Twiga mwenye mambo mawili

Twiga hutajwa kila mara panapozungumzwa mageuko, na mara nyingi kwa shingo ndefu tu. Ndani ya shingo hiyo mna mambo mawili yanayofanana kwa juu lakini yana sababu tofauti kabisa.

La kwanza ni neva ya kushoto ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Kutoka kwenye ubongo hadi kwenye zoloto ni mwendo wa shubiri chache. Neva hii hushuka shingo yote, huingia kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu utokao moyoni, kisha hupanda tena shingo yote hadi kooni. Kwa twiga mzima mwendo wake huweza kupita mita 4. Binadamu tunayo pia, na inapita hivyohivyo. Chanzo ni samaki. Kwake neva hii hupita nyuma ya mshipa wa damu wa matamvua kwenda mahali palipo karibu, njia iliyonyooka kabisa. Katika kiinitete cha mamalia mishipa hiyo bado hutokea, neva bado hupita nyuma yake, halafu moyo unaposhuka kifuani mshipa huivuta neva kama kamba iliyonasa kwenye kigingi.

Kwa nini haijawahi kurekebishwa? Kurefuka kwa milimita chache kila mara hakukuwa na gharama ya maana, na hakuna badiliko dogo linaloihamisha neva mbele ya mshipa bila kuvuruga mpangilio wa mishipa yenyewe. Madaktari wa upasuaji wa tezi ya shingo wana ushahidi wa upande wa pili. Kwa watu wachache, chini ya asilimia 1 au karibu na hapo, neva ya kulia hukata njia moja kwa moja hadi kooni. Hutokea pale mshipa mkubwa wa damu wa mkono wa kulia umechipuka mahali pasipo pake, kwa hiyo kigingi hakipo. Njia fupi inawezekana, ila haiji peke yake. Inakuja na mshipa uliokosea njia, na daktari asiyeitarajia huweza kuikata.

Jambo la pili ni mifupa. Shingo ya twiga ina pingili saba, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya sentimita 25. Shingo ya panya ina saba. Ya nyangumi, iliyobanwa kama gazeti lililokunjwa, ina saba. Ndege hawana sheria hiyo. Batamaji mweupe wa Ulaya ana 22 hadi 25. Ungedhani kwa mamalia tofauti hazizaliwi, kama kwa tandu. Huzaliwa sana. Kuna watoto ambao pingili yao ya saba ina mbavu, kana kwamba imehesabiwa kuwa ya kifua. Frietson Galis, aliyelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mbavu hizo za shingo ni nyingi kwa mimba zilizotoka na watoto waliozaliwa wafu, na kwamba huandamana na kasoro nyingine na saratani za utotoni. Jeni zinazohesabu pingili hufanya kazi siku zilezile ambazo mambo mengine mengi ya mwili yanapangwa, kwa hiyo kugusa hesabu ni kugusa yote. Walioponyoka ni wachache: slothi wa Amerika, wenye kati ya pingili tano na kumi kutegemea spishi, na manati, jamaa wa nguva, mwenye sita. Nguva wetu wa pwani amebaki na saba. Inadhaniwa mwili unaokwenda polepole wa slothi na manati huwapunguzia adhabu ya kasoro hizo.

Kwa hiyo neva ni suala la urithi na ukosefu wa njia ya kati. Mifupa saba ni makaburi tusiyoyaona. Anayeangalia wanyama wazima peke yao hawezi kuvitofautisha.

Ndovu wasio na pembe

Gorongosa, Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya ndovu wa hifadhi. Pande zote mbili ziliuza pembe. Ndovu asiye na pembe hakuwa na sababu ya kupigwa risasi, na sehemu ya majike wasio na pembe ilipanda kutoka asilimia 18.5 hadi 50.9. Uteuzi mkali kiasi hicho ungetarajiwa kuleta madume wasio na pembe vilevile, maana madume ndio wenye pembe kubwa zaidi. Gorongosa hawakuonekana.

Shane Campbell-Staton na wenzake walieleza sababu mwaka 2021. Badiliko linaloondoa pembe liko kwenye kromosomu ya X, ambako kuna jeni ya kutengeneza jino, na pembe ya ndovu ni jino. Jike ana X mbili, moja nzima inamtosha kuishi. Dume ana moja tu, na akirithi iliyoharibika hufia tumboni. Mama asiye na pembe mwenye X moja iliyobadilika huzaa basi majike wawili kwa kila dume mmoja, na dume huyo daima ana pembe. Inadhaniwa kinachoua si ukosefu wa jino bali madhara kwa jeni jirani muhimu iliyo kando yake. Yaani kilichoamua hatima ya madume ni ujirani wa jeni mbili kwenye uzi mmoja, jambo lisilohusiana kabisa na risasi wala meno.

Taya lililowaponza furu

Furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, walizaa mamia ya spishi tangu ziwa lilipojaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Sehemu ya siri yao ni taya la pili lililo kooni: mifupa ya chini imeungana kuwa kinu kimoja imara, nalo taya la mdomoni limeachwa huru kukamata. Mmoja huponda konokono, mwingine hukwangua mwani, mwingine hula samaki. Ni uvumbuzi uliofungua milango mingi.

Sangara alipoletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufurika katika miaka ya 1980, inakadiriwa spishi kama 200 za furu zilitoweka. Wengi waliliwa. Lakini mwaka 2015 Matthew McGee na wenzake walionyesha jambo jingine kuhusu furu walao samaki. Kinu cha kooni kilichoungana hakipanuki, kwa hiyo samaki mkubwa hapiti. Furu hulazimika kumtafuna muda mrefu. Sangara, ambaye taya lake la kooni halikuungana, humeza mara moja na kurudi kuwinda. Kabla ya sangara udhaifu huo haukuwa na maana, kwa sababu washindani wengi wa furu walikuwa furu wenzao wenye kinu hichohicho.

Jinsi ya kutofautisha, na mahali watu wanapokosea

Kosa la kawaida ni kuona umbo halipo na kusema haliwezekani. Huenda halijapata muda, au halijawahi kuhitajika. Kosa la upande wa pili ni kuona viumbe wawili wasio ndugu wa karibu wamefanana na kusema mazingira yamewalazimisha. Furu wa Ziwa Nyasa na samaki jamaa zao wa Ziwa Tanganyika wametoa, kila kundi kwa nafasi yake, spishi zenye midomo minene na spishi zenye paji lililovimba. Mahitaji sawa yangeleta hilo. Lakini mfumo wa ukuaji unaopenda kutoa maumbo hayo ungelileta pia, na kutazama samaki waliokomaa sokoni hakutakupa jibu.

Kinachotoa jibu ni kutazama kabla ya uteuzi kufanya kazi: viinitete, mimba zilizoharibika, ulemavu, mabadiliko ya maabara yaliyokingwa dhidi ya njaa na maadui. Umbo likionekana humo na kukosekana porini, linazaliwa na kufa. Lisipoonekana hata humo, chagua kwa nguvu kwa vizazi vingi, kama walivyofanya wa vipepeo. Nzi wa matunda wamechaguliwa kwa ukubwa, idadi ya nywele, hata kupenda mwanga, na karibu kila mara waliitika. Mwaka 1960 Maynard Smith na K. C. Sondhi walijaribu kuchagua nzi wenye tofauti ya kudumu kati ya upande wa kushoto na wa kulia wa kichwa. Hawakupata kitu, na waliorudia jaribio la namna hiyo kwa sifa nyingine baadaye hawakupata. Cha kufikirisha ni kwamba utumbo wa nzi hujipinda upande mmoja daima, kwa hiyo habari ya kushoto na kulia imo mwilini. Ila haielekei kufika kwenye macho na nywele.

Na ukuta ukionekana mzima, tafuta pale ulipopata ufa, maana hapo ndipo unapojifunza umejengwa kwa kitu gani. Tandu wakubwa wote walijulikana kuwa na jozi 21 au 23, bila nyingine, hadi mwaka 2008 ilipoelezwa spishi moja ya Brazil, Scolopendropsis duplicata. Ndugu yake wa karibu kabisa ana 21 au 23 kama kawaida. Huyu ana 39 au 43. Inaelekea idadi iliongezeka karibu maradufu kwa ruko moja, bila kupitia 25, 27 wala 29, na ilipotua ilitua kwenye witiri.